Prado ya Zamani Inachemsha Mlimani: Tuanzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhandisi, ninayo Toyota Prado ya mwaka 1998 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ambayo imekwisha kutembea zaidi ya kilometa 340,000. Hapa Moshi mjini haina shida, lakini nikipakia mzigo na kupanda kutoka Himo kwenda Marangu na Rombo, mshale wa temperecha hupanda na maji hufurika kwenye chupa ya akiba. Fundi wa kwanza alitoa themostati (kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), wa pili akabadilisha wota pampu, na sasa wa tatu ananiambia ninunue rejeta mpya. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha nyingine.
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, huenda rejeta mpya ikahitajika, lakini usiinunue kabla ya kujua hali ya silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Hedi ya injini hiyo ni ya aluminiamu, nayo inafahamika kwa kupasuka gari linapochemsha mara kwa mara. Mwombe fundi aipime kwa ile dawa ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma. Ikigeuka kuwa ya kijani au njano, gesi ya mwako inaingia kwenye maji, na hapo rejeta hata ya bei gani haitakusaidia.

Hedi ikiwa nzima, jambo la kwanza ni kurudisha themostati. Desturi ya kuitoa imeenea mno katika gereji zetu, nami naipinga kwa nguvu zote. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili upande wa chini, ambacho injini ikipata moto huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi muda wote, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto huzunguka tu ndani ya injini wakati ambapo mlima unadai yote yapoozwe.

Kisha tazama kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo kinachopuuzwa kuliko vyote. Kwa mwinuko wa Moshi, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi za Selsiasi. Kifuniko kizima chenye kubana kwa takriban bar 0.9 hukipandisha kiwango hicho kupita nyuzi 115. Mpira wake ukiwa umekauka au springi imelegea, unapoteza kinga hiyo yote, na maji yatafurika kwenye chupa kama unavyoeleza. Usikifungue injini ikiwa ya moto.

Feni nayo ipimwe. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha ufunguo umetolewa, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi bila kukaza, klachi yake, yaani kifaa kinachoiunganisha na mzunguko wa injini, imekufa. Mipira ya maji iliyovimba, iliyolainika au yenye nyufa ibadilishwe yote kwa pamoja, kwa kuwa kwa umri huo ukibadilisha mmoja utakaofuata kupasuka ni jirani yake.

Sasa rejeta yenyewe. Ishushwe, na vumbi na mbegu za nyasi zilizoshonana kati yake na kondensa ya eyakondishena zioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini. Ikiwa ni ya shaba, fundi rejeta anaweza kuifungua na kuzibua mirija kwa rodi. Ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki, ikiwa mirija imeziba, ni afadhali kuibadilisha. Kama umekuwa ukijazia maji ya bomba au ya mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba) njiani, tarajia kukuta kutu na tope, na injini nayo isafishwe mpaka maji yatoke meupe.

Jaza kulanti (dawa ya kupoozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Moshi hakuna baridi ya kugandisha, lakini kulanti huzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka. Egesha gari pua ikiwa juu, fungua hita, na uache injini iungurume hadi mapovu ya hewa yaishe.

Mwisho, mshale wa Toyota hukaa katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, basi funga geji ya ziada yenye kuonyesha namba. Kwa wiki mbili za kwanza, kagua kimo cha maji kila asubuhi injini ikiwa ya baridi. Yakipungua bila kuvuja nje, rudi kwenye kipimo cha hedi.