Muulize Mwalimu wa Anatomia: Je, kompyuta imenakili ubongo?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nasomea uuguzi. Kaka yangu anayesomea kompyuta anashikilia kwamba mitandao ya nyuroni, yaani programu za kompyuta zinazotambua picha, imenakiliwa kutoka kwenye ubongo wetu. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo iko kisogoni kwako.

Ukikata ubongo uliohifadhiwa kwenye fomalini, sehemu ya nyuma kabisa, utaona mstari mwembamba mweupe ndani ya gamba la kijivu. Francesco Gennari aliuona mwaka 1776, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Parma, Italia. Mimi huwaonyesha wanafunzi wangu mstari huo kabla ya kitu kingine chochote, maana unathibitisha kwamba gamba la ubongo halikujengwa sawa kila mahali. Eneo hilo ndilo hupokea habari za macho.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, David Hubel na Torsten Wiesel, wakiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walisikiliza kwa spika ishara za umeme za seli za eneo hilo katika paka aliyelazwa usingizi kwa dawa. Walimwonyesha vidoa, seli ikanyamaza. Walipokuwa wakiingiza slaidi ya kioo, kivuli cha ukingo wake kikapita, na seli ikalipuka kwa milio. Kumbe ilikuwa ikingojea mstari uliolala upande fulani, tena kwenye kipande kidogo tu cha upeo wa macho! Seli nyingine ziliitikia mstari uleule hata uliposogea kidogo. Wakapendekeza kwamba hizi za pili hukusanya taarifa za zile za kwanza. Hapo ndipo utamu wa anatomia ulipo: ukijua nani kaungana na nani, unaanza kuelewa kazi.

Kunihiko Fukushima wa Japani alifuata mpangilio huo alipotangaza Neocognitron, mtandao wa kompyuta wa kutambua picha, mwaka 1980: tabaka linalotafuta alama, kisha tabaka linalovumilia alama kusogea. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake wakafundisha mtandao wa ukoo huo kusoma tarakimu za posta zilizoandikwa kwa mkono.

Lakini fungua kitabu chako kwenye thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo. Kile kituo kinachopokea neva za macho hupata miunganiko mingi zaidi kutoka kwenye gamba la ubongo kuliko kutoka kwenye jicho lenyewe. Yaani ubongo unaona huku ukirudisha maagizo nyuma. Katika mitandao hiyo miwili, picha inapotambuliwa huenda mbele tu. Kwa hiyo mkubalie kaka yako kuhusu matabaka, kisha umwombe akuonyeshe njia ya kurudi.