Taa za MGB zimefifia: umeme unapotelea wapi?

SWALI: Ndugu fundi, ninaishi Leicester, Uingereza, na nina gari dogo la michezo aina ya MGB, la mwaka 1972. Taa zake kubwa za mbele zinatoa mwanga wa njano ulio hafifu mno, hata nikitoka kazini jioni za Desemba ninaendesha kwa wasiwasi. Taa ya kulia imefifia kuliko ya kushoto, na nikihama kutoka mwanga wa juu kwenda wa chini, zote mbili huzimika kidogo kabla ya kuwaka tena. Swichi ya kwenye dashibodi nayo hupata joto. Nimeshabadilisha balbu na betri zote mbili, na sasa gereji moja inanishauri ninunue alteneta mpya. Je, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali kabla hujapima. Washa injini, iongezee kasi kidogo, washa taa kubwa, kisha pima volti kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Ukipata kati ya 13.5 na 14.4, alteneta yako ni nzima na fedha yako ibaki mfukoni, kwa sababu umeme unazalishwa vizuri ila haufiki kwenye balbu.

Ili uelewe unapotelea wapi, fuata njia yake. Katika MGB umeme wote wa taa kubwa hutoka kwenye betri kwa waya wa kahawia, hupita ndani ya swichi ya dashibodi, huendelea kwa waya wa buluu hadi kwenye swichi ya kubadilishia mwanga iliyo kwenye usukani, ndipo huenda mbele: waya wa buluu wenye mstari mweupe kwa mwanga wa juu, wa buluu wenye mstari mwekundu kwa mwanga wa chini. Hakuna rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme) wala fyuzi njiani. Balbu mbili za wati 60 huvuta takriban ampia 10, na ampia hizo zote hubebwa na viguso vidogo vya shaba vinavyogusana ndani ya swichi, ambavyo vina umri wa zaidi ya miaka 50. Kiguso kilichoungua kikiweka ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, unapoteza volti nzima, na wati 10 zinageuka kuwa joto ndani ya swichi. Hilo ndilo joto unalolihisi kwa kidole. Hasara hiyo si ndogo hata kidogo, kwani balbu ikipungukiwa na asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake.

Dalili zako zinaonyesha kasoro mbili, si moja. Kufifia kwa taa zote mbili pamoja na kule kuzimika unapobadilisha mwanga kunatokana na sehemu zinazotumiwa na taa zote mbili, yaani zile swichi mbili. Taa ya kulia kufifia zaidi ya mwenzake ni jambo lake yenyewe, na hapo mimi ningeanza na waya mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi.

Pima hivi, taa zikiwa zinawaka kwa mwanga wa chini. Unganisha ncha moja ya mita ya volti na chanya ya betri kwa waya mrefu, maana betri ziko nyuma ya viti, na ncha ya pili uigusishe kwenye waya wa buluu na nyekundu penye balbu. Namba utakayoiona ni volti zilizopotea njiani. Kisha pima kutoka kwenye waya mweusi wa balbu hadi hasi ya betri. Upande huu wa pili ukizidi volti 0.2, fungua viungio vya nyaya vyenye umbo la risasi ya bunduki vilivyo karibu na rejeta, nyuma ya grili, ambako maji na chumvi ya barabarani ya majira ya baridi huingia kila mwaka. Vingi utavikuta na kutu ya kijani. Visugue hadi ving'ae, badilisha mirija yake ya kuunganishia iliyolegea, na upake mafuta ya mgando kabla ya kufunga. Kazi hii inachosha, lakini sijaona njia ya mkato inayoishinda.

Baada ya usafi huo, weka rilei mbili za ampia 30, moja kwa kila mwanga. Ondoa kwanza waya wa betri. Nyaya za zamani zitabaki kuamsha rilei tu, kazi isiyofika hata robo ya ampia, na balbu zitalishwa na waya mpya mnene wa milimita za mraba 2.5 au zaidi kutoka kwenye betri. Tumia fyuzi ya ampia 10 kwa kila waya unaokwenda kwenye balbu, ziwe nne, ili moja ikikatika usiku usibaki gizani kabisa. Usifunge balbu za wati 100 ukidhani zitakuokoa. Zitaumaliza mfumo uliokwisha kuchoka.

Gari lako limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka kwa kupita umri wa miaka 40, lakini sheria ya Uingereza bado inakudai liwe salama barabarani. Kwa hiyo taa zikishapata nguvu, liegeshe gari mbele ya ukuta na urekebishe kimo cha taa, kwa kuwa mwanga uliokuwa hafifu haukumsumbua mtu hata ulipoelekea juu, na huu mpya utampofusha anayekuja mbele yako.