Jibu: Mchezaji mweusi wa kwanza West Ham

Mkuu, umeuliza kama Clyde Best ndiye mweusi wa kwanza kuichezea West Ham, klabu ya soka ya London. Hapana. Best alitua kutoka Bermuda mwaka 1968, lakini kabla yake kulikuwa na John Charles, kijana wa Canning Town, mtaa wa mashariki mwa London.

Huyu alikuwa beki wa kushoto na nahodha wa kikosi kilichobeba Kombe la FA la Vijana mwaka 1963. Fainali yenyewe ilikuwa balaa: mkondo wa kwanza wakapigwa 3-1 na Liverpool, marudiano wakashinda 5-2. Jumla 6-5! Harry Redknapp, aliyekuja kuwa kocha maarufu, naye alikuwemo, tena chini ya unahodha wa Charles. Mwaka huohuo Charles akapandishwa kikosi cha kwanza, na ndiye mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya England ngazi ya vijana. Kwangu mimi hatajwi inavyostahili.

Mdogo wake, Clive, naye alifuata njia hiyohiyo. Aprili 1972 dhidi ya Tottenham, Clive, Best na Ade Coker mzaliwa wa Lagos, weusi watatu, walianza pamoja, West Ham ikashinda 2-0.