Futa kwanza hiyo 0.0.0.0/0, mengine baadaye

Mkuu simama hapo hapo. Kabla hujalala, na kabla hujahamisha hiyo MX (rekodi inayosema barua za domeni ziende seva gani) kesho asubuhi kama ulivyoandika, fungua main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, ufute huo mstari wa mynetworks. Kamenti za wenzangu huko juu sijazisoma, nimeishia pale uliposema "ilikuwa inagoma inaniambia Relay access denied, nikaona video jamaa anasema weka 0.0.0.0/0, nimeweka na sasa inatuma freshi". Daah. Nimesimama ghafla na simu mkononi mpaka mama watoto akauliza kuna msiba?

Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana laptop yake ya core i5 ram 8, ameweka Ubuntu na Postfix (ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot (ya kuzitunza watu wazisome), anataka imeili za ofisi ya dada yake ziingie na kutokea humo ili waache kulipia kila mwezi. Anauliza abaki na Postfix au ahamie Exim, mwenzake wa kazi ile ile, webmail ipi nyepesi, na laptop ikilala imeili zinapotea au inakuwaje. Maswali mazuri tu, ila mkuu unauliza upake rangi gani ukutani na pazia limeshashika moto.

Mimi hii kitu nimeifanya, mwezi wa sita 2022. Shemeji yangu, mume wa dada, ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, na wanaoijua kazi hiyo wanajua kuanzia Juni ndiyo watu wanaanza kuvuna. Imeili zake zilikuwa kwa watu wa hostingi, akaunti tano, analipa kwa mwezi hela ambayo kusema kweli ni ya nyama choma na soda mbili. Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia shem unaibiwa, programu zenyewe za bure, laptop ninayo, nyumbani kuna faiba na IP ya kudumu nishailipia, niachie mimi. Akaniachia. Dada peke yake ndiye aliyeuliza "una uhakika lakini?" nikamcheka kile kicheko cha watu wa kompyuta, mnakijua.

Laptop ni ThinkPad ya zamani, betri ilishakufa, nikaiweka juu ya friji karibu na ruta. Kwenye ruta nikafungua poti 25 (seva kwa seva), 587 (simu kutuma) na 993 (simu kusoma). Kwenye DNS, kitabu cha anwani cha intaneti, nikaweka SPF, ile rekodi inayotangazia dunia kwamba barua za domeni hii zikitokea kwenye IP hii basi ni halali, wazipokee. Ishike hiyo SPF kichwani, ndiyo iliyokuja kunimaliza.

Basi bwana, yakanikuta kama wewe. Kupokea inapokea, kutuma kutoka kwenye simu ya shemeji inagoma, 554 Relay access denied. Usiku saa tano, kesho nimeahidi iwe tayari, nikaingia YouTube. Kuna kijana mmoja simtaji jina, video ya dakika kumi na moja, dakika tatu za kwanza ni muziki na kuomba sabskraibu. Anafungua main.cf, anafuta 127.0.0.0/8, anaandika 0.0.0.0/0, anaristati, barua inaenda, anacheka "mmeona? rahisi tu". Kwenye kamenti watu wanamuombea dua. Hakuna mahali alipofafanua hiyo mynetworks ni mnyama gani! Hawa ndiyo waganga njaa wa zama zetu, anakupa dawa, hakuulizi unaumwa nini, na ukizidiwa hapokei simu. Nilikuja kumwachia kamenti ya ustaarabu kabisa, akaifuta. Ya pili haikuwa ya ustaarabu.

Sasa nisikilize. mynetworks ni orodha ya watu ambao Postfix itawabebea barua kwenda popote duniani bila kuwauliza paswedi. 127.0.0.0/8 maana yake ni mashine yenyewe tu. 0.0.0.0/0 maana yake ni kila IP ya IPv4 iliyopo chini ya jua. Ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa kaenda kula ugali kaacha mhuri dirishani, na wino wake, na karatasi. Ile Relay access denied uliyoiona siyo kosa, ni mlinzi wa geti yuko kazini, amekuzuia kwa sababu hukuonyesha kitambulisho, na wewe badala ya kutoa kitambulisho umemfukuza mlinzi. Na inauma zaidi kwamba ukijaribu mwenyewe inafanya kazi vizuri kabisa, kwa hiyo unaona umepona. Inakufanyia kazi wewe, na inamfanyia kazi kila mwizi aliyeko macho usiku huo.

Zamani huko, SMTP ilipoandikwa 1982, seva kubebeana barua za wenzao ilikuwa ni ujirani mwema tu. Wauza takataka walivyoingia watu wakaanza kufunga, hata Sendmail kufikia toleo la 8.9 mwaka 1998 ikawa inakuja imeshafungwa yenyewe. Postfix nayo inakuja imefungwa. Kwa hiyo mimi mwaka 2022, nikiwa na laptop juu ya friji, niliurudisha mtandao nyuma miaka ishirini na nne. Si kila mtu anaweza.

MX nikahamisha Alhamisi. Ijumaa mchana imeili zinaingia, zinatoka, shemeji anashukuru, mimi kifua mbele. Ijumaa usiku laptop ikaanza kuunguruma, feni inalia kama mashine ya kukoboa mahindi. Mama watoto anasema hiyo laptop yako inataka kupaa, nikamjibu kwa maringo "seva iko kazini hiyo". Na wala sikudanganya.

Jumamosi kwenye saa nne asubuhi shemeji anapiga, kila barua anayotuma inamrudia. Nikafungua terminali nikaandika mailq, amri ya kuonyesha foleni ya barua ambazo hazijaondoka. Mistari ikaanza kushuka. Nikaenda jikoni nikanywa maji, nikarudi, bado inashuka. Mstari wa mwisho niliupiga picha na ninao kwenye simu mpaka leo:

-- 418206 Kbytes in 61874 Requests.

Barua elfu sitini na moja na ushee, kwenye laptop ya juu ya friji, na hizo ni zile zilizokwama. Zilizokwisha kuondoka sikuwa na moyo wa kuzihesabu. Nikachukua moja nikaifungua kwa postcat: mtu anajifanya benki, anawaambia watu wabofye hapa kuthibitisha akaunti, na kwenye jina la mtumaji ni info@ ya shemeji yangu. Yule yule mpandisha mlima, leo ni benki.

Mikono inatetemeka, nikazima Postfix nikapiga postsuper -d ALL, foleni yote ikafutika nikashusha pumzi. Dakika kama tano mbele ndiyo ikanijia kwamba kwenye foleni ile ile kulikuwa na majibu ya shemeji kwa wateja tangu jana jioni, bei na tarehe na kila kitu, nimezifagia pamoja na za matapeli. Sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia Jumatatu, kwa meseji, kama mwanaume.

Ungedhani yameishia hapo. Hapana mkuu, hapo ni IP tu ilikuwa imechafuka, na IP ina dawa, unaziba tundu, unaenda kwa wenye orodha za IP chafu kama Spamhaus unaomba utolewe, au unabadilisha IP kabisa unaendelea na maisha. Iliyoungua ni DOMENI. Si nilisema ushike ile SPF? Matapeli walituma kwa jina la domeni ya shemeji, kutoka kwenye IP ambayo mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimeitangazia dunia kuwa ni halali. Kila aliyepokea alikagua, SPF ikamjibu ndiyo, huyu ni yeye mwenyewe kabisa. Hakukuwa na pa kusema tulighushiwa. Nilijipalia makaa nikayapulizia.

Jumapili tukarudi kwa watu wa hostingi tumeinamisha vichwa, tukalipa. MX nilikuwa nimeiacha na TTL (muda ambao wengine wanaikariri rekodi) ya sekunde 86400, kwa hiyo siku nzima nyingine kuna barua bado zinabisha hodi kwenye friji. Baada ya hapo seva ni safi, IP safi, DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) ipo, kila kitu kimenyooka, na bado barua za shemeji zinaangukia kwenye spamu kwa watu. Wiki zinapita. Maana jina ni lile lile, na jina ndilo lilikuwa na kesi. Kulikuwa na wakala mmoja Ujerumani, wageni tisa, Machame siku saba, alikuwa anasubiri bei tu. Bei ilitumwa siku hiyo hiyo. Ikalala kwenye spamu yake siku nne, yeye akaona hawa watu hawako siriazi akawapa wengine. Tulijua kwa sababu aliandika baadaye kwa WhatsApp, kwa upole, akiomba radhi yeye! Dada akanitumia meseji jioni ile, hakuna salamu hakuna nini, tarakimu tu na alama ya dola. Mnaowajua dada zenu mnaelewa meseji isiyo na salamu ina uzito gani.

Kwa hiyo mkuu mimi nina sheria moja tu na nitaipiga kelele mpaka modereta anifungie: DOMENI INAYOLETA UGALI HAIFANYIWI MAJARIBIO. Sijasema usijifunze, jifunze sana, mimi leo naendesha seva yangu na naipenda. Nenda kanunue domeni ya kuchezea, ya bei ya chini kabisa, iite hata jina la mbuzi wa jirani, ichome moto mara tatu, ijenge upya. Ile ya dada yako usiiguse. Na usije ukaniambia "nitatumia sabudomeni ya ofisi", kuna mtu nilimshauri akaniletea ujanja huo huo, jina la nyuma si ni lile lile? Mimi hapo siingii tena.

Kwa hiyo domeni ya mbuzi ndiyo ufanye hivi. mynetworks iache na 127.0.0.0/8 na [::1]/128, basi. Wala usione ujanja kuongeza 192.168.1.0/24 ya nyumbani, kuna ruta zinafanya kila anayetoka nje aonekane ni ruta yenyewe, kwa hiyo umeufungua mlango ule ule kwa ufunguo mwingine. Simu itume kupitia 587 na STARTTLS, yaani njia iliyosimbwa, kwa jina na paswedi, Postfix imuulize Dovecot kama huyu ni wetu. Kwenye smtpd_relay_restrictions kuwe na permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, kisha reject_unauth_destination, huyo wa mwisho ndiye mlinzi, mrudishe kazini umwombe msamaha. Halafu jaribu kutoka NJE ya nyumba, siyo kwenye wifi yako: telnet poti 25, jaribu kutuma kwenda gmail bila paswedi. Ukikataliwa, nunua soda. Kama mtandao wa simu umefunga poti 25, muombe jamaa yeyote mwenye VPS, seva ya kukodi mtandaoni, akujaribie.

Hata ukiziba yote hayo, kutuma moja kwa moja kutoka nyumbani bado ni mateso. IP za majumbani nyingi zimeorodheshwa tayari kwamba hazitakiwi kutuma barua, PTR, rekodi inayotaja jina la IP, iko mikononi mwa kampuni ya intaneti siyo mikononi mwako, na Gmail tangu Februari 2024 wanaitaka hiyo PTR pamoja na SPF au DKIM kwa kila mtumaji, mdogo kwa mkubwa. Na kama unatumia bando la laini uko nyuma ya CGNAT, yaani IP moja mnaichangia wateja wengi, hakuna hata barua itakayokufikia. Kupokea pokea nyumbani ukipenda, kutuma weka relayhost, mpe mwenye IP safi akubebee.

Laptop kulala siyo msiba, seva za wenzako zikikukosa zinarudia rudia kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa. Weka HandleLidSwitch=ignore kwenye logind.conf ili ukifunga kifuniko isizime. Mimi iliwahi kuzima masaa sita kwa sababu luku iliisha na nilikuwa kwenye harusi, hakuna barua iliyopotea. Ulikuwa umeuliza na kitu kingine, sijui Exim sijui nini, siyo leo.

Sasa hivi fungua hiyo laptop, andika postconf mynetworks ukopi kilichotoka ubandike hapa chini. Halafu na mailq. Kama mailq imekujibu Mail queue is empty una bahati kuliko mimi. Kama mistari inashuka, usipige -d ALL, niite kwanza PM, niko macho.