Uliza Lugha: "Bwana" asiyehitajika

SWALI: Nakaa mapokezi ya zahanati moja Kisauni. Kuna mteja ambaye kitambulisho chamwonyesha mwanamume, ila yuaja na buibui na jina jingine. Nilipomwita "Bwana" fulani, benchi zima liligeuka, naye akaenda zake bila kutibiwa. Ningemwitaje?
– Karani

JIBU: Kiswahili kimekupunguzia kazi. "Yeye" ni mmoja kwa wote, na "a-" ya "amefika" haimwulizi mtu jinsia yake. Kosa lilikuwa kwenye "Bwana", na lingeondoka nalo. Ita kwa namba: "Namba 14, chumba cha pili."

Kwenye fomu, chini ya jina la kitambulisho, ongeza mstari wa "Jina la kuitwa". La kwanza ni la bima na maabara, kwa kuwa majina yasipolingana malipo hukwama; la pili ndilo la kutamka. Muulize akiwa dirishani, kwa sauti ya chini: "Ungependa tukuite nani?" Kila mteja aulizwe hivyo hivyo, usije ukawa unamnyooshea mmoja kidole. Ukiteleza, sema "samahani", taja jina sahihi, endelea. Radhi za dakika nzima hurudisha macho ya benchi.

Wala usishangae karatasi zikibaki nyuma ya mwenyewe. Mwaka 2014 ilibidi Audrey Mbugua, mwanamke aliyesajiliwa mvulana alipozaliwa, afike Mahakama Kuu ndipo Baraza la Mitihani la Kenya liamriwe kumpa cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia.

Katika Kiswahili jinsia hujificha penginepo. "Ameoa" na "ameolewa" zimeshaamua nani mume nani mke. "Ana ndoa" yatosha. Kadhalika bin na binti, kaka na dada, shangazi na mjomba. "Ndugu", "jirani" na "mwenzetu" hazina shida, lakini aliyeomba aitwe dada, mwite dada. Kumkwepa kwa "ndugu" huku wenzake wote ni dada na mama ni dharau iliyovaa kanzu.

SWALI: Natafsiri vipeperushi vya afya. Kiingereza kimemtaja mtu mmoja, asiyejiita mwanamume wala mwanamke, kwa neno la wingi, "they". Niandike "wao"?
– Mtafsiri, Likoni

JIBU: La. Ukiandika "wao walipimwa", msomaji atauliza walikuwa wangapi. Andika "alipimwa", basi. Hapa Kiingereza ndicho kilichopungukiwa, si sisi.

Penye kazi ni majina. "Huntha" ni aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume kamili wala ya kike kamili. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu 1,524. Usimpachike kila mtu neno hilo. "Aliyebadili jinsia" limezoeleka magazetini, ila wengi wakilisikia hufikiria upasuaji, na si kila mtu amefanyiwa wala anautaka. Ikiwa jambo lenyewe ni la lazima kutajwa, andika kwa urefu: "mwanamke aliyesajiliwa mvulana alipozaliwa". Jina la zamani liache; halimwongezei msomaji kitu.

"Hanithi" na "jike dume" ni matusi. "Shoga" nalo lina sura mbili: bibi wa Mji wa Kale akimwita mwenzake "shoga yangu" anamwita rafiki, lakini likichapishwa kwenye kipeperushi chako halitasomwa hivyo.