Manjano, karoti na baka jeupe ulimini

SWALI: Ndugu Mhariri, nina miaka 54 na niliacha sigara mwaka jana, baada ya kuvuta tangu ujana. Hivi karibuni daktari wa meno ameona baka jeupe ubavuni mwa ulimi wangu, lisilouma wala kufutika, akanitaka nirudi ili akate kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Shemeji yangu, ambaye husoma sana mambo ya lishe, ananishauri kwanza nitumie vidonge vya betakarotini (kiambata kinachoipa karoti rangi yake) na vya manjano kwa miezi mitatu, kwa kuwa viambata vya mimea huzuia saratani ya kinywa. Je, ana hoja?
Msomaji aliyeacha sigara

JIBU: Ndugu msomaji, maneno ya shemeji yako yana asili ya kweli, ila ameyapeleka mahali pasipo pake. Tafiti zilizowalinganisha wagonjwa wa saratani ya kinywa na watu wasiougua zimeonyesha mara nyingi kwamba wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupatwa na ugonjwa huu kwa nadra zaidi, ingawa si rahisi kuitenga athari ya chakula na ile ya tumbaku na pombe, kwani mvutaji na mnywaji wa kupindukia mara nyingi ndiye huyo huyo asiyegusa mboga. Maabara nazo zina ushahidi wake: salforafeni ya jamii ya kabichi huuchochea mwili kutengeneza vimeng'enya vinavyozimua sumu kabla hazijaijeruhi DNA, na katekini za chai ya kijani huweza kuzifanya seli zilizoharibika zijiangamize zenyewe. Lakini seli za maabara humwagiwa kiambata moja kwa moja, ilhali kurkumini ya manjano, ikishamezwa, huingia katika damu kwa kiasi kidogo mno.

Kuhusu vidonge vya betakarotini, kwako wewe jibu langu ni hapana, tena bila kusitasita. Nchini Finland wavutaji wa sigara wanaume 29,133 walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994, na waliopewa miligramu 20 za betakarotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jaribio jingine la Marekani, lililowahusisha wavutaji, walioacha kuvuta na watu waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, lilisimamishwa Januari 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Karoti unayoitafuna haikudhuru. Kilichodhuru ni kiambata kimoja kilichotengwa na wenzake, kikakolezwa kupita kipimo cha chakula chochote.

Sasa tulitazame baka lenyewe. Madaktari huliita lukoplakia, na mengi ya mabaka haya hayageuki kuwa saratani, lakini yaliyo ubavuni mwa ulimi au chini yake huhofiwa kuliko mengine. Jicho, hata la bingwa, haliwezi kujua ni lipi lina seli zilizoanza kupotoka. Hadubini ndiyo inayojua. Wala baka kufifia si ushahidi wa kupona. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba dawa ya jamii ya vitamini A iliyapunguza sana mabaka ya wagonjwa 16 kati ya 24, jambo lililoshangiliwa, lakini miezi miwili au mitatu baada ya dawa kukoma, mabaka yalikuwa yamerudi kwa 9 kati ya hao 16. Basi rudi ukapimwe wiki hii, na umweleze daktari ikiwa umekwisha kumeza vidonge vya manjano, kwa kuwa vikiwa vikali huweza kudhuru ini na kuzidisha utokaji wa damu. Mboga uzile kabla na baada ya kipimo, sigara usiirudie, na kama unakunywa pombe, iache nayo, kwani pombe na tumbaku zikikutana kinywani madhara yake huzidishana.

SWALI: Je, viambata hivyo haviharibiki mboga zinapopikwa?
Mpishi wa nyumbani

JIBU: Inategemea mboga. Salforafeni haimo ndani ya brokoli lililo zima. Huzaliwa pale kisu au meno yanapopasua seli, kimeng'enya kikakutana na malighafi yake, na ni ya ukoo mmoja na kile kiambata cha haradali kinachopanda puani. Ukilichemsha brokoli mara tu baada ya kulikata, moto hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Likate, liache kama dakika 40, kisha lipike kwa mvuke kwa muda mfupi. Nyanya ni kinyume chake: laikopini, inayoipa wekundu, hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikipikwa kwa mafuta kidogo.

Kwa wapenzi wa chai ya kijani, katekini zake hugusa ngozi laini ya kinywa kabla hazijamezwa, na mate hubaki nazo kwa wingi kuliko damu. Iacheni ipoe kwanza, maana mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitaja vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi kuwa huenda vikasababisha saratani ya umio.