Maswali na majibu: Ferrari ya faiba, Cobra ya Gerezani

Safari hii barua nyingi zinatoka kwa wanaojiundia replika, yaani magari ya kuiga, za magari ya spoti, au wanaoishi na mtu wa namna hiyo.

Kaka, nina IST. Nataka kuivua bodi niivishe ya faiba ifanane na Lamborghini Countach. Inawezekana? – Kijana, Tabata

Mdogo wangu, IST haivuliki. Lori lina chasisi chini na bodi juu yake, lakini gari dogo la siku hizi bodi ndiyo chasisi yenyewe. Ukikata paa na nguzo zake, kilichobaki kinapinda kwenye tuta la kwanza. Halafu Countach ina kimo cha sentimita 107 tu na injini iko nyuma ya viti. IST imesimama wima kama kabati. Faiba haitaficha hilo.

Ukiniuliza mimi, iga gari lililozaliwa kwenye karakana ndogo. Lotus Seven ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, ilitoka Uingereza mwaka 1957 na iliuzwa hata vipande vipande, mnunuzi akaifunge mwenyewe nyumbani. Kampuni ya Caterham walichukua haki zake mwaka 1973 na mpaka leo wanaliunda. Ni fremu ya mabomba ya chuma na bati lenye mikunjo michache. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Gerezani, Dar, anayejua kupima mraba analiweza. Cobra nayo: mwaka 1962 Carroll Shelby alichukua gari dogo la kampuni ya AC ya Uingereza akalitia injini ya V8 ya Ford, na chini yake kuna mabomba mawili makubwa yaliyounganishwa kwa vipande vya kukingama, basi.

Gari la kuchinja, yaani la kutolea injini na vifaa, liwe Toyota Altezza RS200. Injini 3S-GE ya lita 2 imelala kwa urefu mbele, gia sita za mkono, inasukuma magurudumu ya nyuma. Ukishikilia IST yako, chukua injini na giaboksi yake kwa pamoja uviweke nyuma ya viti, kama Toyota walivyofanya kwenye MR2 mwaka 1984. Ila zile tairodi zilizokuwa zikigeuza magurudumu zifungwe imara kwenye fremu. Gurudumu la nyuma likijigeuza lenyewe ukiwa spidi 80, hakuna dereva wa kulirudisha.

Fundi mwenzio hapa, nimezoea boti. Nimeanza bodi ya Porsche Speedster, lakini jelkoti inakunjamana na chini kuna vipovu. – Msasani

Jelkoti, lile tabaka la kwanza la rangi linalopakwa kwenye kalibu, ikikunjamana, mara nyingi imepakwa nyembamba au umewahi kuweka mkeka wa nyuzi za faiba kabla haijashika, rezini ya juu ikaila. Iguse kwa kidole: inate kidogo, lakini rangi isibaki kidoleni. Hapo endelea. Vipovu ni hewa. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba ni mgumu kukunjika kwenye kona, kwa hiyo tanguliza wa gramu 300, uuchane vipande vidogo kwa mkono, kisha pitisha rola bila haraka.

Najua kwenye boti mnakisia hadena, dawa ya kugandisha rezini, kwa jicho. Acha. Pima asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, na katika joto la Dar kaa karibu na 1. Saa saba mchana kopo lote linaweza kuganda mikononi na kuchemka mpaka litoe moshi. Anza alfajiri, changanya kidogo kidogo, na vaa miwani, maana hadena ikiingia jichoni inapofusha.

Usiwe na pupa ya kuitoa bodi kwenye kalibu, isije ikapinda. Ngalawa ikipinda kidogo nani ataona? Mlango wa gari utaonekana. Usiku washa taa ya tyubu, tembeza mwanga wake juu ya bodi: mstari ukikatika au kuvimba, hapo pana bonde, na rangi nyeusi italitangaza mjini kote.

Nikibandika nembo ya Ferrari kuna ubaya? – Sinza

Upo. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa Marekani iliipa Ferrari ushindi dhidi ya muuza bodi za faiba zilizoiga Daytona Spyder na Testarossa, na pale kesi ilihusu hata umbo lenyewe. Mwaka 2019 polisi wa Brazil walifunga karakana ya Itajaí iliyokuwa ikiunda Ferrari na Lamborghini bandia za kuuza. Wewe hujauza, sawa, lakini nembo ya bandia mimi huiona ushamba. Andika jina lako.

Shikamoo kaka. Mume wangu ana fremu juu ya matofali uani, kila mshahara ananunua taa na rimu. Litaisha lini? – Mama wawili, Mbagala

Marahaba dada. Taa ndizo zinazolichelewesha. Mwambie hela ya mapambo iende kwanza kwenye breki, usukani na shokapu, gari lishuke kwenye matofali na kusukumika. Likisukumika, injini iwake. Bodi mwisho. Replika nyingi zinazouzwa nusunusu zimeishia hapo hapo, bodi inang'aa na mpira wa breki haujanunuliwa.

Trafiki atanielewa? – Kigamboni

Nenda TRA na kadi ya gari la kuchinja kabla hujakata chochote, ujue mapema watataka nini ukibadili bodi, injini au rangi. Namba ya chasisi usiiguse. Ukiikata na kuichomelea kwenye fremu nyingine, unafanana na mwizi wa magari, na maelezo yako utayatolea kituoni. Bima ndogo ni lazima kisheria. Bima kubwa, kubalianeni thamani ya gari kwa maandishi mapema, ukiwa na picha na risiti za kila hatua.

Jumapili nalipeleka Coco Beach kulionyesha. Cha kuangalia? – Mikocheni

Feni. Kwenye foleni ya makutano ya Morocco rejeta iliyojificha ndani ya pua ya faiba haipati upepo, basi weka feni ya umeme yenye swichi unayoifikia kwa mkono. Ukirudi, osha chini kwa maji baridi ya bomba siku ileile, hasa sehemu zilizochomelewa, kwani chumvi huanzia hapo.